Shahada ya uhandisi migodi inalipa lini?

Tangu bei ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, mazungumzo ya ada yamebadilika Mbeya. Kwenye vijiwe vya Mwanjelwa, kwenye magari ya Chunya, hata kwenye vikao vya ukoo vinavyoitishwa matokeo ya kidato cha sita yakitoka, utasikia: huyu mtoto kafaulu PCM (fizikia, kemia na hisabati), apelekwe uhandisi migodi, huko ndiko hela iliko. Hapo hapo atakuwepo mjomba wa kupinga. Atamtaja kijana wa jirani mwenye shahada hiyo hiyo, ambaye mwaka wa pili huu yupo nyumbani anasubiri kuitwa. Mzazi anabaki katikati, na dirisha la udahili halimsubiri.

Wote wawili wanasema kweli. Wanabishania kama shahada hii inalipa au hailipi, wakati swali lenye jibu ni inalipa lini, na nani atabeba gharama mpaka siku hiyo ifike. Nimeamua kuiandika hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa tarakimu ambazo mzazi anaweza kuzirudia mwenyewe kwenye simu, kwa sababu nimeona familia nyingi zikiamua jambo hili kwa kusikia bei ya dhahabu redioni.

Mhandisi migodi ni nani hasa

Watu wengi wanawachanganya wataalamu watatu. Mjiolojia ndiye anayetafuta: anasoma miamba, anasimamia uchorongaji, anapeleka sampuli maabara na kueleza mawe yenye dhahabu yamelala wapi. Mhandisi migodi anapokea hapo. Kazi yake ni kupanga namna ya kuyatoa mawe hayo ardhini bila kuua mtu na bila kula hasara. Yakishatoka, anayachukua mhandisi wa uchenjuaji, anayejua kuyasaga na kuitenga dhahabu na jiwe. Ni kozi tofauti, ajira tofauti, na mara nyingi hata nafasi zinazotangazwa hazilingani kwa idadi.

Ukitaka kuona kazi ya huyu wa katikati, angalia duara, yaani shimo la kawaida la mchimbaji mdogo upande wa Makongolosi. Limechimbwa kwenda chini kufuata mwamba, matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, yamepangwa kwa mazoea, hewa inasukumwa kwa mpira, maji yanavutwa kwa pampu, na mvua zikikolea Januari kazi inasimama kwa sababu chini kumejaa. Karibu kila kitu humo ni swali la uhandisi migodi. Ukuta usimame kwa pembe gani? Matundu ya baruti yaachane kwa umbali gani ili mwamba uvunjike vizuri na paa lisitikisike? Hewa ya kutosha itaingilia wapi na ile chafu itokee wapi? Juu ya yote kuna hesabu moja inayotawala: kama tani ya mawe ina gramu mbili za dhahabu, basi kuichimba, kuibeba, kuisaga na kuichenjua tani hiyo lazima kugharimu chini ya thamani ya gramu hizo, tena ukikumbuka kwamba kwenye uchenjuaji hazitoki zote.

Mhandisi analipwa kwa ujuzi huo. Dhahabu ni ya mwenye leseni. Bei ikipanda, kinachoongezeka ni faida ya mwenye mgodi na, baada ya muda, idadi ya migodi inayofunguliwa au kupanuliwa. Mshahara wa mhandisi aliyekwisha kusaini mkataba hauruki na bei ya soko la dunia. Hili ni jambo la kwanza la kumweleza mzee anayesema "dhahabu imepanda, mtoto atatajirika".

Gharama ambayo haiandikwi kwenye fomu

Ukimuuliza mzazi gharama ya shahada, atakutajia ada. Kwa kweli ada ni sehemu ndogo. Kozi hii huchukua miaka minne kwenye vyuo vya umma kama UDSM na UDOM. Tufanye ada ni 1,500,000 kwa mwaka, ili hesabu iende. Mzazi aweke ada halisi ya chuo alichopata. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za kuwa chuoni ni 2,400,000 kwa mwaka. Weka 200,000 za vitabu na vifaa kila mwaka. Weka na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini: wiki nane kila mwaka kwa miaka mitatu, kwa 10,000 kwa siku.

Jumlisha. Ada milioni 6, bumu milioni 9.6, vitabu 800,000, fildi 1,680,000. Inakuja 18,080,000. Hilo ndilo deni la kijana aliyepewa mkopo kwa asilimia 100. Aliyepewa asilimia 60 ana deni dogo, lakini pengo lake linazibwa na nyumbani, na mara nyingi linazibwa kwa kuuza kitu. Wachache waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi wanaweza kupata Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, ambao hauna deni. Kama mtoto ana alama za aina hiyo, jambo la kwanza ni kufuatilia huko.

Kisha kuna gharama ambayo haipiti mkononi mwa mtu, nayo ndiyo inayoumiza kimya kimya: muda. Kijana huyo huyo angebaki Chunya akafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, au akashuka Mbarali kulima mpunga, huenda angebakiwa na 250,000 kwa mwezi. Kwa miaka minne ni milioni 12. Ongeza mwaka mmoja wa kusubiri ajira baada ya kuhitimu, inakuwa milioni 15. Fedha hizo hazikutoka mfukoni kwa yeyote, ila nyumba imezikosa.

Mkulima wa Rungwe au Njombe analielewa hili kuliko mchumi. Viazi unavipanda, baada ya miezi mitatu au minne unavichimba na kuuza. Mche wa parachichi la kisasa unakaa miaka mitatu hivi kabla haujakupa tunda la kuuza, na muda wote huo unataka maji, mbolea na ulinzi. Mti hauna kosa lolote. Waliokata miche yao mwaka wa pili waliikata kwa sababu hawakuwa na viazi vya kula wakati wanasubiri. Shahada ya uhandisi migodi iko hivyo hivyo, na familia inayoipanda bila kuwa na cha kula mwaka wa tano inajitafutia ugomvi na mtoto wake.

Salari slipu ya kwanza

Sasa tuje kwenye kipato. Sitataja mshahara "wa wahandisi migodi" kana kwamba ni mmoja, maana anayeanza kwenye mgodi mkubwa, anayeanza kwa mkandarasi na anayeanza kwenye mtambo mdogo wa kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, wanapishana mno. Nitachukua mishahara miwili ya mfano na kuipitisha kwenye makato yaliyopo kisheria, kwa sababu hapo ndipo wengi wanashtuka.

Kijana ameajiriwa sekta binafsi kwa mshahara wa msingi wa 1,500,000. Inatoka kwanza michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: 150,000. Kinachobaki, 1,350,000, kinatozwa kodi ya mshahara. Kwa viwango vya sasa, anayezidi milioni moja analipa 128,000 na juu yake asilimia 30 ya kile kilichozidi milioni. Hapa ni 128,000 na 105,000, jumla 233,000. Kisha Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 225,000. Kinachoingia benki ni 892,000.

Yule aliyemwambia mama yake "nimepata kazi ya milioni moja na nusu" ana chini ya laki tisa mkononi. Mama hajui. Ataanza kuomba mabati, ada ya wadogo zake na mchango wa harusi kwa hesabu ya milioni na nusu. Nawasihi vijana: onyesheni salari slipu nyumbani mwezi wa kwanza. Inaondoa maneno mengi.

Mfano wa pili, mshahara wa 800,000 kwa mkandarasi mdogo. NSSF 80,000, kodi 60,000, Bodi ya Mikopo 120,000. Mkononi 540,000.

Rudisha sasa hesabu kwenye ile 250,000 aliyoiacha. Mwenye 892,000 anamzidi mwenzake aliyebaki Chunya kwa 642,000 kila mwezi. Milioni 15 alizozikosa anazirudisha kwa miezi 24 hivi tangu aanze kazi. Mwenye 540,000 anamzidi kwa 290,000 tu, na atahitaji miezi 52, yaani zaidi ya miaka minne. Ikiwa kusubiri ajira kumechukua miaka mitatu badala ya mmoja, alichokosa kinafika milioni 21, na huyu wa 540,000 atakihitimisha baada ya miaka sita ya kazi mfululizo. Tazama kilichobadilika: shahada ni ile ile, chuo kile kile, deni lile lile. Urefu wa kusubiri na mwajiri wa kwanza vimeigeuza hesabu yote.

Kuhusu deni lenyewe kuna uvumi mwingi unaohitaji kurekebishwa. Wapo wanaosema ni hela ya serikali, ukikosa kazi inafutika. Haifutiki. Marejesho yanatakiwa kuanza miezi 24 baada ya kuhitimu, na asiye na mwajiri wa kumkata anatakiwa ajilipie mwenyewe. Wapo wanaosema linazaa riba mpaka kaburini. Hilo lilikuwa na ukweli zamani kidogo: palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Zote mbili ziliondolewa 2021. Leo deni la milioni 18 linabaki milioni 18, na kwa makato ya 225,000 linaisha kwa miezi 80, miaka sita na miezi minane. Kwa makato ya 120,000 ni miezi 150. Kwa kuwa bei za vitu zinapanda na deni limesimama, huu ni mkopo wa bei nafuu kuliko wowote utakaopata benki. Mzazi anayetaka kuuza shamba ili mtoto "asiwe na deni la Bodi" namwomba asifanye hivyo. Shamba libaki, ndilo litakalomlisha kijana mwaka ule wa kusubiri.

Dhahabu iko Chunya, ajira iko wapi?

Uwanda wa dhahabu wa Lupa unajulikana tangu enzi za mkoloni, na leo Chunya ni mkoa wa kimadini (eneo la usimamizi wa madini) unaojitegemea, wenye soko lake la madini tangu 2019. Kwa hiyo mzazi wa Mbeya anaona mantiki: mtoto atasoma, atarudi, atafanya kazi hapa hapa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya Chunya inachimbwa na wachimbaji wadogo na wa kati, na mwenye leseni ndogo mara nyingi anaajiri wachimbaji, mafundi na msimamizi anayemwamini. Mhandisi wa kudumu kwake ni anasa. Migodi inayoajiri wahandisi kwa makundi iko Kanda ya Ziwa: Geita, Bulyanhulu, North Mara. Huku kwetu mgodi mkubwa wa dhahabu unaotajika ni New Luika, ulioanza uzalishaji 2012, na upo mkoa wa Songwe. Familia ijiandae kisaikolojia: kijana atakuwa mbali, anaingia kambini kwa wiki kadhaa na kutoka kwa wiki kadhaa, na sikukuu nyingi zitamkuta kazini.

Kuna matumaini mengine yanayotajwa sana ukanda huu. Makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga kule Ludewa. Madini ya niobiamu ya Panda Hill karibu na uwanja wa ndege wa Songwe. Madini adimu ya Ngualla, mradi uliopata leseni ya uchimbaji 2023. Ni rasilimali za kweli na siku zikifunguka zitaajiri. Lakini mkataba wa Mchuchuma na Liganga na kampuni ya Kichina ulisainiwa 2011, na vijana waliokuwa kidato cha kwanza mwaka ule wamekwishamaliza vyuo wakiambiwa mgodi unakuja. Usiweke mgodi ambao haujaanza kuchimba kwenye hesabu ya ajira ya mwanao.

Hata uliopo unaweza kusimama. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, na kabla mwaka haujaisha Bulyanhulu ilipunguza shughuli na watu wengi wakapoteza kazi. Buzwagi ilimaliza uzalishaji 2021 kwa sababu rahisi kuliko zote: mawe yenye faida yaliisha. Bei nayo hupanda na kushuka. Mwishoni mwa 2015 wakia moja ilikuwa karibu dola 1,050, na miradi mingi duniani ilikuwa imefungiwa kabatini. Kijana anayeingia mwaka wa kwanza leo atahitimu kwenye bei ya miaka minne ijayo, ambayo hakuna anayeijua. Ndiyo maana sipendi kuona bei ya leo ikitumika kumchagulia mtoto kozi.

Njia ya diploma, inayodharauliwa bure

Kuanzia hapa nasema na mzazi ambaye mtoto wake yuko kidato cha nne. Ukihesabu tangu siku hiyo, shahada ni miaka sita: miwili ya kidato cha tano na sita, minne ya chuo. Diploma ya uchimbaji, kama ile inayotolewa kwa miaka mingi na Chuo cha Madini Dodoma, ni miaka mitatu. Mwenye diploma anaweza kuwa kazini miaka mitatu kabla ya mwenzake. Anaanzia chini kwa cheo na mshahara, ndiyo, lakini kwenye migodi ya kati ya ukanda wetu fundi sanifu anayejua kupima, kusimamia ulipuaji na kuandika ripoti ya zamu anatafutwa kuliko mhandisi asiyewahi kushika mtarimbo. Na mlango wa shahada haujafungwa: akipata GPA ya kuanzia 3.0 anaweza kuomba kujiunga na chuo kikuu baadaye, akiwa na uzoefu, pengine na akiba yake mwenyewe. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele, madini ikiwamo. Kwa familia isiyo na akiba ya kusubiria, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza, na sioni sababu ya mtu kuiita ya waliofeli.

Miaka minne itumikeje

Kwa aliyekwishaamua kwenda shahada, jambo moja linapunguza kusubiri kuliko GPA nzuri, nalo ni zile fildi tatu. Wiki nane mara tatu ni karibu miezi sita ya kuonekana kazini, na waajiri wanakumbuka sura. Wengi wanaichukulia kama mahudhurio: wanakaa ofisini, wanajaza kitabu cha kumbukumbu, wanarudi chuo. Aliyepanga vizuri anakwenda kila mara sehemu tofauti. Mara moja mgodi wa wazi, mara moja wa chini ya ardhi, mara moja kwa mchimbaji wa kati wa Chunya au Nyakavangala kule Iringa, ambako atashika kazi nyingi kwa mikono yake kwa sababu watu ni wachache. Ajifunze programu za kuchora migodi akiwa chuoni, huko bure, maana nje zinauzwa ghali.

Akihitimu, ajiandikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi mapema. Huwezi kujiita mhandisi kisheria bila usajili, na mpango wa bodi hiyo wa kuwalea wahitimu kwa miaka mitatu, ulioanza 2003, ndio unaompeleka kwenye hadhi ya mhandisi mtaalamu. Bila hadhi hiyo mshahara hufika mahali ukakwama.

Barua za kuomba fildi ya Julai zianze kutoka Januari. Za Kanda ya Ziwa zitumwe kwa barua pepe, za Chunya na Makongolosi zipelekwe kwa mkono, kijana akiwa na viatu vya kazi miguuni na namba ya simu ya msimamizi wake wa chuo imeandikwa juu ya bahasha.